Mkaa Mwepesi wa Ludewe

Asubuhi ya siku ya gulio, Mwaisha alijitwisha gunia la mkaa na gunia likakataa kukaa kichwani. Alilitua juu ya ngata kama alivyotua mizigo yote ya maisha yake, akaondoa mikono, nalo likainuka taratibu, likaenda mpaka kwenye upenu, likatulia pale chini ya bati. Mwaisha alilitazama kidogo. Kisha akachukua upondo wa kuangulia mafenesi, akalivuta chini kwa kigoe chake, akalifunga kamba kwenye nguzo ya jiko.

“Baba Nasra!” aliita. “Gunia linapanda.”

Mumewe, Yunusi, alikuwa nyuma ya nyumba anapiga mswaki. “Linapanda bei?”

“Linapanda juu.”

Alikuja na mswaki wake wa mti mdomoni, akaligusa gunia kwa kidole. Gunia likayumba, likavuta kamba kama mbuzi aliyefungwa mbali na majani. “Umelikausha mno,” alisema Yunusi, akarudi kumalizia mswaki.

Kweli lilikuwa limekauka. Kiangazi kile jua lilikuwa kali hata kule milimani, na Mwaisha si mtu wa kuuza mkaa mbichi. Mkaa wenyewe haukuwa wa kukata miti. Ludewe ni kitongoji kidogo juu ya Kinole, ng'ambo ya mto Mlulu, na kila nyumba ya huko ina mikarafuu, midalasini, mifenesi na minazi michache inayozaa kwa kununa. Zamani watu waliuza chenye soko na kutupa kilichobaki. Mdalasini ukishamenywa gome, fito zake ziliachwa zioze shambani. Vikonyo vya karafuu vilifagiliwa bondeni. Maganda ya fenesi waliachiwa nzi, na makumbi ya nazi wakaachiwa watoto wayafanye mpira. Mkaa wa kupikia waliufuata msituni, huko ambako walinzi wa hifadhi huwakimbiza watu, na mapanga ya watu hubaki mikononi mwa walinzi.

Ndipo akaja bibi shamba, dada mmoja aitwaye Jesca, akawaonyesha akina mama namna ya kuyachoma mabaki hayo ndani ya pipa lililofunikwa vizuri, kuyatwanga, kuyachekecha, kuyakanda kwa uji wa muhogo na kuyafinyanga mabonge ya ukubwa wa ngumi. Yanakaushwa juu ya kichanja mpaka yanalia kama vigae yakigongana. Yanawaka polepole na hayatoi moshi, ila harufu ya mdalasini kwa mbali. Mwaisha na jirani yake Kristina walianzisha kikundi, wakakiita Tusitupe, na ndani ya misimu michache karibu kila mwanamke wa Ludewe alikuwa na pipa lake.

“Mimi nalima,” Yunusi alikuwa akiwaambia wageni, “mke wangu anafuga takataka.” Aliwaambia hivyo huku amekaa kwenye kiti kipya na juu yake pana bati jipya, vyote vimetoka kwenye takataka. Na jioni akirudi shambani hakurudi mikono mitupu. Alikuja na fito begani, vikonyo ndani ya kofia, ganda la fenesi kwapani, akavimwaga mbele ya pipa kama mtu aliyepita tu njia.

Siku ile ya gulio, basi, Mwaisha alifikiri, akamwita Kristina. Kristina alikuja na gunia lake, nalo lilikuwa linamvuta mkono. Waliona ni vyema wayafunge kiunoni kwa kamba za makumbi, maana kichwani yangepotea. Walipofika mtoni miguu yao ilikuwa inagusa mawe kwa vidole tu. Mwaisha alijisukuma kwenye jiwe kwa upondo wake, akajikuta katikati ya mto, hewani, kanga inapepea, maji yanapita chini yake.

“Unashukaje?” Kristina aliuliza kutoka ukingoni, rozari mkononi.

Mwaisha hakuwa anajua. Alikuwa na chupa ya maji ya kunywa. Akajimiminia kidogo kichwani ili apunguze joto la kufikiri, maji yakatiririkia gunia, nalo likawa zito kiasi, likamshusha ng'ambo kwenye majani. Hivyo ndivyo walivyojua. Mkaa mkavu unapanda, mkaa uliolowa ni mawe.

Hapakuwa na kelele nyingi juu ya jambo hilo. Waliokuwa barabarani walisogeza pikipiki zao ili akina mama wapate pa kutua. Wanunuzi wa mjini Morogoro walilalamika wiki ya kwanza kwamba mkaa unahama sebuleni, kisha wakajua kuuwekea jiwe. Mhadhiri mmoja wa chuo kikuu alipanda kuja kuupima. Mizani yake ikasoma chini ya sifuri, akashukuru, akanunua kiroba kimoja cha kupikia maharage. Kwenye jiko uliwaka kama mkaa mwingine wowote.

Kilichobadilika ni safari. Daraja la magogo la Ludewe lilichukuliwa na maji masika ya miaka mingi iliyopita. Tangu hapo, kiangazi watu walivuka kwa kurukaruka juu ya mawe, na masika hawakuvuka. Karafuu zilingoja. Barua za shule zilingoja. Rehema, dada yake Mwaisha, alingoja pale ukingoni na uchungu wa kujifungua mpaka mto ukapungua, na ulipopungua hapakuwa tena na sababu ya kuvuka. Kila mwaka alikuja afisa kutoka mjini na utepe wa kupimia, akapima upana wa mto, akasema daraja limo kwenye mipango.

Sasa akina mama wa Tusitupe walivuka wanavyotaka. Walibeba ndizi, karafuu, kuku, na mara moja kitanda ambacho Kristina alimnunulia mama mkwe wake. Mwaisha alikuwa mwembamba na magunia mawili yalimtosha. Alipenda pale katikati, ambapo upepo wa mlimani unapoa ghafla na mtu anasikia maji bila kuyaogopa. Hakumwambia mtu kwamba pale huwa anamsalimia Rehema. Alimwambia Yunusi peke yake.

“Anaitikia?” Yunusi aliuliza.

“Haitikii. Lakini nasalimia.”

“Mpe na salamu zangu.”

“Si uje umsalimie mwenyewe?”

Hapo Yunusi alikuwa akitafuta kazi ya kufanya. Mtu aliyepanda mikarafuu tangu utotoni, aliyesimama juu ya matawi membamba kama vidole, hakutaka kusikia habari ya kuvuka angani. “Mti una mizizi, mama Nasra,” alisema. “Gunia lina mizizi gani?” Binti yao Nasra, aliyeolewa mjini, alimpigia simu kumbembeleza aje amwone mjukuu. Yunusi alijibu kwamba atakuja daraja likijengwa.

Mwaka ule afisa wa utepe alikuja kama kawaida. Jina lake Alois, kijana mnene mwenye adabu, na watu wa Ludewe walimpenda kwa sababu alikula chochote alichoandaliwa na aliuliza habari za wagonjwa kwa majina yao. Alifika ng'ambo, akakuta Mwaisha na Kristina wanakuja hewani na mikungu ya ndizi. Alisubiri watue.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, mwanangu. Umekonda.”

“Kazi, mama.” Alitazama magunia, akatazama mto. “Mnavuka hivi siku hizi?”

“Tunavuka hivi.”

“Wote?”

“Anayependa. Baba Nasra hapendi.”

Wakamfunga magunia mengi, wakamvusha, akala wali na kisamvu kwa Mwaisha, akasifia. Baada ya kunawa, uso wake ulijaa furaha ya kweli. “Mama Nasra,” alisema, “mmetutua mzigo. Kuna vitongoji vingi milimani vinalilia madaraja, na fungu ni dogo. Nikirudi nitawaambia wakubwa Ludewe wameshajitatulia. Daraja lenu liende kwa wenye shida.”

Mwaisha alishika sahani aliyokuwa anaiondoa. “Na mvua ikinyesha, mwanangu? Mkaa ukilowa hauinui hata kuku.”

“Mvua ni ya msimu, mama.”

“Na mto unajaa msimu huohuo.”

Alois aliitikia kwa kichwa kwa huruma, kama mtu anayesikiliza habari ya ugonjwa usio na dawa. Alisema atalieleza na hilo. Yunusi alikuwa kizingitini anamenya mdalasini mpaka mgeni alipoondoka. “Kijana mzuri,” alisema kisha. “Ametuchukulia daraja letu huku anatushukuru kwa wali.”

Masika yalikuja mapema. Wingu lilikaa juu ya mlima kama mtu aliyehamia, na magunia yaliyokuwa yamefungwa kwenye nguzo yalianza kushuka moja moja mpaka yakakaa sakafuni. Siku moja mvua ilipotulia kidogo, Mwaisha alisema tu, kwa kupita, kwamba maganda ya fenesi yamekwisha. Hakumtuma mtu. Yunusi alichukua panga, akapanda mfenesi wa nyuma ya nyumba, mti aliouzoea kama kitanda chake. Gome lilikuwa limelowa. Mwaisha alisikia fenesi likianguka, kisha akasikia kitu kingine kikianguka.

Alimkuta amelala ubavu, paja limepinda pasipopindika. Fenesi lilikuwa limepasuka kando yake na linanukia.

“Ganda zuri hilo,” Yunusi alisema kwa shida. “Usilitupe.”

“Nyamaza,” Mwaisha alimwambia, akamwekea kichwa mapajani, akaanza kulia kimyakimya ili asimtie hofu.

Mto ulikuwa umejaa. Mngurumo wake ulisikika mpaka jikoni. Watu walikuja, wakalifunga paja kwa fito za mdalasini, na kisha ikawa kazi ya kungoja. Kila nyumba ya Ludewe ilianika mkaa wake juu ya meko. Walichoma kuni nzuri ili wakaushe mkaa, jambo ambalo Jesca asingelifurahia, lakini Jesca hakuwapo. Kristina alikuwa akizunguka nyumba hadi nyumba, anainua gunia moja moja kwa mkono na kutikisa kichwa. Ndani, Yunusi aliungua homa. Akiwa na nafuu alifanya mzaha. Mzaha ulipokoma, Mwaisha alijua maumivu yamezidi, akawa anasimulia yeye: habari za mjukuu, habari za kuku aliyeatamia yai la bata, chochote, ili sauti isikatike chumbani.

Siku zilipita. Siku moja mchana mawingu yalifunguka upande wa bonde, na jikoni kwa Kristina gunia moja likainuka, likagonga bati. Kristina alitoka mbio. “Linapanda!” alipiga kelele. “Mama Nasra, mtoe!”

Walimlaza Yunusi kwenye machela ya fito na kanga, wakamfunga magunia ya kikundi kizima, wakabakiza machache ya kuwainua Mwaisha na Kristina. Mwili wake ulikuwa mkubwa, na magunia hayakuwa yamekauka sawasawa, hivyo alipanda upande upande, kichwa juu miguu chini, mpaka walipohamisha gunia moja. Kristina alitangulia na kamba. Mwaisha alikwenda ubavuni mwake, mkono mmoja umeshika upondo, mwingine umemshika yeye.

Yunusi alikuwa amefumba macho. “Tumeondoka?”

“Tumeondoka.”

“Mbona sisikii ardhi?”

“Fumbua macho, baba Nasra.”

Alifumbua jicho moja, kisha la pili. Chini yake mto wa rangi ya matope ulikuwa unabingirisha magogo. Nyuma yake Ludewe yote ilikuwa inaonekana, mabati na moshi, na shamba lake limepanda kilima. Alilitazama kwa muda.

“Ule si mdalasini wetu?”

“Wetu.”

“Nilipanda mstari mmoja kombo.”

“Nilikwambia mwaka ule.”

“Ulinambia,” alikiri Yunusi. Akashusha pumzi. “Ni pazuri huku. Ungenilazimisha mapema.” Kisha, kwa sauti ya mtu anayebisha hodi, akasema, “Rehema, hujambo shemeji.”

Hawakuwa wamefika ng'ambo matone yalipoanza. Yalikuwa machache, makubwa, na kila moja lilisikika likipiga gunia. Machela ikashuka kidogo. Ikashuka tena. Mwaisha alivua kanga ya juu akaifunika magunia ya kichwani. Akavua ya pili akafunika ya miguuni, akabaki na gauni lake. Povu la mto lilikuwa linawafikia nyayoni.

“Kata kamba yako,” Yunusi alisema. “Wewe mwepesi, utafika.”

“Nyamaza. Maneno yako yanatuongezea uzito.”

Akajilaza juu ya magunia, kifua na mikono, ili mvua impige yeye. Kristina alikuwa ameshatua; alizungusha kamba kwenye mti na kuvuta, na madereva wawili wa bodaboda wakaja kumsaidia, wakavuta pamoja huku wakihesabu kwa sauti. Machela iliburuzika juu ya maji, ikagusa matete, ikatua. Yunusi alikuwa amelowa mgongo wote. Mwaisha alimpapasa uso mzima, kama mtu anayetafuta kitu gizani, mpaka Yunusi akamuuma kidole kidogo ili ajue yu hai.

Hospitali ya mjini ilimpokea siku hiyohiyo. Daktari alikuwa kijana mpole. Alitazama picha ya mfupa, akautazama mguu. “Umeshaanza kujiunga vibaya,” alisema. “Mngemleta siku ileile, angetembea vizuri. Sasa tutafanya tuwezavyo, lakini atachechemea.”

“Tulikuwa tunangoja mkaa ukauke,” Mwaisha alisema.

“Nyinyi wa Ludewe?”

“Ndiyo.”

Daktari aliitikia kwa kichwa. Alishapata wagonjwa wa Ludewe.

Yunusi alikaa kwa Nasra mpaka masika yakaisha. Alimbeba mjukuu, akamfundisha kupiga mswaki wa mti, akawaambia majirani wa Nasra kwamba amevuka mto kwa ndege ya mke wake. Waliporudi nyumbani ilikuwa kiangazi. Alivushwa na magunia bila ubishi, na fimbo yake ilifungiwa bonge moja la mkaa ili isimlemee. Hakupanda mti tena. Alikaa chini ya mifenesi akiokota kilichoanguka, na kwa kuwa alikuwa na muda, mkaa alioufinyanga yeye ukawa laini na wa duara kuliko wa mtu yeyote. Wanunuzi waliuulizia. Mwaisha alimwambia sasa wanafuga takataka wote wawili, naye akasema ndiyo, na zimenenepa.

Alois alirudi pia, safari hii na gari na watu wa kupiga picha. Hakuja na utepe. Alikwenda kwanza kumpa pole Yunusi, akakaa naye, akamletea sukari, na machozi yalimlengalenga alipoiona fimbo. Kisha akaenda mtoni kusimamia kazi. Mafundi walichimba mashimo, wakamimina zege nzuri, ya kokoto na saruji ya kutosha, wakasimamisha bango kubwa la bati lililopakwa rangi ya samawati: MRADI WA KIVUKO CHA ANGA LUDEWE. TAFADHALI VUKA MKAA UKIWA MKAVU. Mkubwa mmoja alikata utepe. Aliwapongeza akina mama kwa kuonyesha kwamba mabaki ya mazao ya miti yanaweza kuinua maisha ya vijijini, na watu wakapiga makofi, maana ilikuwa kweli.

“Mwanangu Alois,” Mwaisha alimwambia wakati wa chakula, “zege hiyo ingetosha nguzo mbili.”

“Najua, mama,” Alois alisema chini kwa chini. “Fungu lilikuwa la bango.”

Mwaisha akamwongezea kisamvu.

Masika yaliyofuata mto ulijaa, na magunia yakakaa sakafuni. Mjukuu wa Kristina alishikwa na homa na degedege, wakamteremsha mpaka ukingoni, wakangoja. Mvua ilikuwa ya kulalia upande. Bango lilikuwa pana na limeinama kidogo upande wao, kwa hiyo walikaa chini yake: Kristina na mtoto, Mwaisha na magunia mawili yaliyofungwa nailoni, na Yunusi, aliyekuwa ameteremka na fimbo yake taratibu ingawa alikatazwa.

“Sogeeni, sogeeni,” alisema akijibana ili mtoto apate pakavu. “Mradi huu ni wa wote.”

Mwaisha alicheka, hata Kristina akacheka kidogo. Yunusi alivua koti lake, akamfunika mtoto, akamwimbia kwa Kiluguru wimbo wa kubembeleza ambao maneno yake nusu alikuwa ameyasahau na akayajazia kwa majina ya miti. Mwaisha alimgusa mtoto paji la uso, lilikuwa bado la moto. Akaingiza mkono ndani ya nailoni, akalipima gunia. Bado lilikuwa zito. Akatazama juu ya bonde kulikotokea mawingu, akaona mengine nyuma ya yale.

Ng'ambo ya mto, dereva wa bodaboda aliyekuwa anawangoja alitazama naye, kisha akazima injini.